Mwenye Simba ni Nani?

 

Nazungumza nanyi kutoka Kiomboi, makao makuu ya wilaya ya Iramba, na juma hili nina simba watu wawili. Mmoja ni wa Ufaransa, mwingine ni wa hapa hapa mkoani Singida, na wote wawili walianza kuvuma mwaka mmoja, 1946.

Yule wa Ufaransa alikuwa wa sinema. Mtunzi Jean Cocteau alitengeneza filamu iitwayo La Belle et la Bête, yaani Mrembo na Mnyama. Mchezaji wake, Jean Marais, alibandikwa manyoya usoni hata akawa na sura ya simba mwenye majonzi, amevaa mavazi ya kifalme na kuishi peke yake katika jumba kubwa. Watazamaji walimwogopa kwa dakika chache, kisha wakamhurumia, na mwisho wakampenda.

Huyu wa Singida hakuwa wa sinema. Kati ya 1946 na 1948, katika nchi ya Wanyaturu, jirani zetu wa kusini, watu waliokotwa mashambani na vichakani wamekufa, miili yao imeraruliwa kama kwa kucha. Serikali ya kikoloni ilipeleka polisi, na polisi wakafikia uamuzi kwamba vifo vingi kati ya hivyo havikuwa kazi ya simba wa porini. Vilikuwa kazi ya watu waliovaa ngozi ya simba. Wenyeji waliwaita mbojo. Kesi zilisikilizwa, wanaume kwa wanawake walisimama kizimbani, na wapo walionyongwa.

Simba wa Cocteau amezaa watoto na wajukuu wengi, nao wamejaa kwenye televisheni za dunia nzima, pamoja na hizi zetu za ving'amuzi. Simba wa Singida amebaki katika majalada ya serikali na vinywani mwa wazee. Nimewalinganisha kwa muda mrefu, nikaona kwamba kila mmoja ana swali lake. Kwa simba wa sinema watu huuliza: je, ana moyo wa namna gani? Kwa simba wa Singida watu waliuliza: je, mwenye simba ni nani?

Tuanze na swali la moyo, maana ndilo linalotawala siku hizi, na lina historia yake.

Hadithi za kutisha za Ulaya huitwa za kigothiki. Jina hilo lilitokana na majengo ya kale ya mawe, yenye minara mirefu na madirisha yaliyochongoka juu, ambayo watunzi walipenda kuyaweka katika visa vyao. Watu wengi hudhani kuwa hadithi hizo zilihusu mizimu tu. Mimi nathubutu kusema zilianza kama kesi za mirathi.

Angalieni wenyewe. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole, mtoto wa waziri mkuu, alitoa kitabu kiitwacho The Castle of Otranto. Humo kofia kubwa ya chuma, kubwa kupita kiasi, inamwangukia kijana siku ya harusi yake na kumponda. Ametenda kosa gani? Hakutenda lolote. Ukoo wake uliipata ngome ile kwa kumwekea sumu aliyekuwa mwenyewe, na marehemu amekuja kudai chake. Miaka 30 baadaye, mwaka 1794, mama Ann Radcliffe akatoa The Mysteries of Udolpho. Binti yatima amefungiwa katika ngome milimani, usiku anasikia sauti na kuona mambo yanayomtoa jasho. Lakini yule bwana Montoni aliyemfungia anataka nini kwake? Anataka sahihi. Anataka karatasi za mashamba. Hata Dracula, kitabu cha Bram Stoker cha mwaka 1897, kinaanza na kijana wa ofisi ya wakili anayesafiri hadi milima ya mbali ili kukamilisha ununuzi wa nyumba huko London. Mnunuzi ndiye mnyonya damu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani kwenye baraza la ardhi la kata atazielewa hadithi hizi bila kufundishwa.

Kwa hiyo kasri la kigothiki lilikuwa swali: nani amelipata, na kwa damu ya nani? Sisi nasi tuna ngome yetu, lile boma la Wajerumani kule Mkalama, ambako zamani tulikuwa wilaya moja nao hadi tulipogawanywa mwaka 2012. Sijapata kusikia mzee wa huko akilitungia boma lile mizimu ya kutisha. Pengine hawakuona haja. Waliokuwamo ndani walijulikana kwa majina, na walikuwa wakidai kodi.

Basi nini kilitokea hata bwana mwenye kasri akageuka kuwa mpenzi?

Ilitokea mvua. Mwezi Aprili 1815 mlima wa Tambora, huko visiwa vya Indonesia, ulilipuka kwa nguvu nyingi sana, na majivu yake yakalifunika jua. Mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Katika nyumba moja kando ya ziwa la Geneva, kundi la vijana wa Kiingereza walifungiwa ndani na baridi: mshairi Byron, mshairi Shelley, Mary aliyekuja kuwa mke wa Shelley, naye alikuwa na umri wa miaka 18 tu, na daktari wa Byron aitwaye John Polidori. Wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kutokana na mchezo huo Mary akaandika Frankenstein, kilichotoka mwaka 1818, na Polidori akaandika The Vampyre, kilichotoka mwaka 1819.

Kabla ya Polidori, mnyonya damu katika masimulizi ya wanavijiji wa Ulaya ya Mashariki alikuwa maiti iliyovimba, nyekundu usoni, yenye kunuka. Polidori alimwogesha. Akamvika koti la kitajiri, akampa cheo cha ukabaila, uso mweupe na macho ya kuvutia, na kila msomaji wa London akajua kwamba anayesemwa ni Byron mwenyewe. Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1847 dada wawili wa ukoo wa Brontë wakatoa kila mmoja kitabu chake, na katika vyote viwili mwanamume mkali, mwenye siri na nyumba ya kutisha, anapendwa kufa na kupona. Katika Jane Eyre bwana huyo amemfungia mkewe wa kwanza ghorofani, mwanamke aliyetoka Jamaika na mahari ya pauni 30,000. Msomaji anamlilia bwana. Mwanamke wa ghorofani, ambaye fedha zake ndizo zilizoletwa katika nyumba ile, hapewi hata sentensi moja ya kujitetea.

Hapo ndipo moyo ulipochukua nafasi ya hati ya nyumba. Televisheni ilipofika iliikuta kazi hiyo imekwisha kufanywa, ikaikuza. Mwaka 1967 mchezo wa kila siku wa Kimarekani uitwao Dark Shadows ulimwingiza mnyonya damu mmoja, Barnabas Collins, kama mtu wa kutisha. Watazamaji, hasa akina mama wa nyumbani na wanafunzi waliotoka shuleni, wakampenda, naye akabaki karibu mpaka mchezo ulipokwisha mwaka 1971. Mwaka 1997 Buffy the Vampire Slayer ikatuletea Angel, mnyonya damu aliyerudishiwa roho yake ili ateswe na majuto. Baadaye wakaja wengine kwa makundi, vijana wenye mashavu mazuri wanaosoma shule za sekondari ingawa wana miaka zaidi ya mia.

Lakini anayenihusu zaidi ni yule mwenye uso wa simba.

Hadithi ya Mrembo na Mnyama iliandikwa na mwanamke wa Kifaransa, Gabrielle-Suzanne de Villeneuve, mwaka 1740, na mwingine, Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, akaifupisha mwaka 1756 kwa ajili ya wasichana wadogo. Katika hiyo fupi inayojulikana duniani kote, mfanyabiashara aliyefilisika anachuma ua katika bustani isiyo yake, na mwenye bustani, mnyama, anadai fidia: uhai wake, au binti. Mnaona tena? Kosa ni la kuchuma kitu cha mtu. Binti anakwenda kulipa deni la baba yake, na deni linageuka kuwa mapenzi.

Mwezi Septemba 1987 Wamarekani wakaifanya hadithi hiyo mchezo wa televisheni, Beauty and the Beast. Niliiona miaka mingi baadaye kwa kanda za kuazima, maana sisi wa Bara hatukuwa na televisheni yetu hadi mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Mnyama huyo anaitwa Vincent. Mchezaji wake ni Ron Perlman, na uso wake ulitengenezwa na fundi Rick Baker: pua pana ya simba, nywele za dhahabu hadi mabegani, kucha, na sauti laini ya mtu anayesoma mashairi. Mwanamke ni Catherine, wakili tajiri. Majahili wanamkatakata uso na kumtupa katika bustani kubwa ya New York, na Vincent anamwokota na kumpeleka anakoishi, chini ya ardhi, kwenye mahandaki ya jiji pamoja na watu wengine waliotupwa na dunia ya juu. Miongoni mwa waandishi wa mchezo huo alikuwemo George R. R. Martin, ambaye miaka michache baadaye alianza vitabu vilivyozaa Game of Thrones.

Sina budi kuwapa haki yao. Walifanya jambo la akili sana. Walimnyang'anya mnyama kasri. Katika hadithi ya zamani mwenye mali ni mnyama na binti ni fukara. Katika ile ya 1987 mwenye ghorofa ndefu ni binti, na mnyama anaishi na maskini chini ya miguu yake. Wakili huyo anaacha kazi ya kutetea makampuni, anakwenda ofisi ya mwendesha mashtaka kutetea wanyonge. Huo ni ugothiki uliopinduliwa, na umepinduliwa vizuri.

Lakini swali la Singida halikuulizwa. Vincent aliokotwa mtoto mchanga, ametupwa karibu na hospitali. Nani alimzaa? Nani alimfanya vile? Kwa misimu miwili tunahimizwa tutazame macho yake tu. Kisha, mwishoni mwa 1989, msimu wa tatu ulipoanza, akatokea mwenye fedha, mhalifu mkubwa, aliyetaka kummiliki mtoto wa Vincent na Catherine kama mtu anavyomiliki ndama. Catherine akauawa. Watazamaji wengi wakachukia, wakaacha, na mwaka 1990 mchezo ukafungwa. Ilikuwa kana kwamba wenye kuupenda waliona mapenzi hayawezi kuishi nyumba moja na swali la nani anammiliki nani.

Sasa turudi nyumbani.

Hapa Iramba, kama mahali pengi Afrika, mna hadithi ya msichana aliyekataa wachumba. Nami niliipata kwa bibi yangu, kwa vipande, jioni nyingi, na kila jioni haikufanana na nyingine. Msichana anakataa huyu kwa kovu, yule kwa meno. Siku ya ngoma anatokea kijana mgeni, hana hata alama mwilini. Anampenda papo hapo, anamfuata. Mdogo wake, mtoto mwenye upele ambaye nyumbani hula peke yake, anawafuata nyuma. Dada yake anamrushia mawe, naye anarudi kila mara. Usiku, katika kijiji cha bwana harusi, ni mtoto wa upele anayekesha, na ndiye anayeona mkia, na kusikia mkwe akiuliza kama mgeni amenona. Wengine husema mume alikuwa simba, wengine fisi, wengine zimwi.

Tazameni jinsi hadithi hii ilivyo kinyume cha ile ya Kifaransa. Kwao mnyama ni wa nje na mtu yu ndani. Kwetu mtu ni wa nje na mnyama yu ndani, na anayeokoa ni yule mwenye ngozi mbovu. Tena, bibi hakuuliza hata mara moja mume yule alijisikiaje. Alichotaka tujue ni watu wa kwao, mama yake, meno yao, na walichopanga kula.

Nafungua mabano. Ngano za Kinyiramba zilikusanywa na Mwingereza Frederick Johnson, akazichapisha mwaka 1931. Ni Johnson yule yule wa kamusi kubwa ya Kiswahili ya mwaka 1939, na ni yeye aliyeitia katika Kiswahili riwaya ya Rider Haggard, Mashimo ya Mfalme Sulemani, mwaka 1929. Humo mna kizee mchawi, mna pango lenye wafalme waliokufa wakageuka mawe wamekaa mezani, na mna almasi. Wenye mali ni maiti, na wageni wanaondoka na almasi mifukoni. Vizazi vya wanafunzi wetu vilionjeshwa ugothiki wa Kiingereza kwa mkono wa mtu aliyezijua hadithi za huku, na sijui kama yeye mwenyewe alicheka. Ilibidi tumngoje Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, tupate mtu wa kulirudisha swali mahali pake: Bwana Msa haogopi mzimu, anauliza nani anafaidika na watu kuuogopa. Nafunga mabano.

Simba wa Singida, basi. A. W. Wyatt aliandika juu yao mwaka 1950 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1962, katika jarida hilo hilo, Mmarekani Harold Schneider, aliyekuwa ameishi na Wanyaturu kwa utafiti, akataka suala zima litazamwe upya. Yaliyosemwa wakati ule yalikuwa haya: kwamba vijana, mara nyingi wapungufu wa akili au watoto walioibwa, walifichwa na kufundishwa kutembea na kuua kama simba, kwamba walivishwa ngozi na kupewa visu vya kucha, na kwamba mwenye simba aliwakodisha kwa mtu mwenye ugomvi, aliyetaka adui yake auawe bila mkono wake kuonekana. Wengine waliamini zaidi ya hapo, kwamba mtu hugeuka simba hasa, au kwamba simba wa porini hutumwa. Mimi sina uwezo wa kutenganisha lipi lilitendeka na lipi lilitoka katika hofu, wala sidhani mahakama za wakati ule ziliweza kila mara.

Maana simba wa kweli nao walikuwapo. Miaka hiyo hiyo, huko Njombe, simba waliua watu wengi hata vijiji vikahama, na Mwingereza George Rushby wa idara ya wanyamapori aliwasaka mpaka akaua wapatao 15. Sababu iliyotolewa inaeleweka: wanyama pori walikuwa wamepunguzwa kwa bunduki ili kuzuia sotoka ya ng'ombe, na simba wakakosa mawindo. Lakini wananchi wa Njombe walisema simba wale ni wa Matamula, mganga aliyekuwa na kisasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990. Mtu asiwacheke wazee wa 1947.

Nalipenda swali lao. Mwenye simba ni nani? Ni swali la watu wanaojua kwamba anayetenda unyama huenda ndiye mnyonge kuliko wote, na kwamba nyuma yake yuko mtu aliyekaa nyumbani kwake anahesabu malipo. Mary Shelley angeelewana na wazee hao, kwa sababu katika Frankenstein kiumbe cha kutisha hakina hata jina, na mkosa ni msomi aliyekitengeneza kisha akakikimbia. Na mumiani wa mijini, ambaye watu wa Dar es Salaam na Mombasa walimwogopa enzi za ukoloni, hakuwa kabaila mwenye mapenzi. Alikuwa na mwajiri. Alihusishwa na magari ya zimamoto, hospitali, polisi. Hakuna aliyetaka kuujua moyo wake.

Hata hivyo swali hili lina hatari yake, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Likijibiwa kwa haraka, huua.

Mapema mwaka 1995, Popobawa aliposemwa Zanzibar, kundi la watu mjini lilimshika mtu mmoja mgonjwa wa akili, likadai ndiye, likamwua. Usukumani, ng'ambo ya mbuga yetu ya Wembere, bibi vizee wamekatwa mapanga kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, haijawaokoa. Filamu zetu za kutisha, tangu zile za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, za miaka ya 2000, nazipenda kwa sababu zimethubutu kuweka mizimu na majini yetu mbele ya kamera. Lakini katika nyingi zilizofuata, mwenye simba akitafutwa huwa ni kizee wa pembezoni mwa kijiji au mganga mwenye kaniki. Sijaona nyingi ambamo mwenye simba ana hundi.

Na katika maisha tumemwona mwenye hundi, au tuseme tumeuona mgongo wake. Tangu mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi bungeni kwa ajili yao. Machi mwaka huo wananchi walipiga kura za siri, kila mtu aandike anayemshuku. Septemba hukumu za kwanza za kifo zikatolewa. Waliohukumiwa walikuwa washika mapanga. Kiungo cha binadamu hakiendi sokoni bila mnunuzi, na bei zilizotajwa hazikuwa za mtu anayelima nusu ekari ya mtama, lakini wanunuzi kwa kiasi kikubwa hawakufikishwa mbele ya hakimu.

Mwaka 2012 Wamarekani waliurudia mchezo wao wa Mrembo na Mnyama, ukaendelea mpaka 2016. Vincent wa safari hii hana manyoya usoni. Ni mwanajeshi aliyefanyiwa majaribio ya siri ili awe silaha, naye akikasirika anageuka. Kwa hiyo baada ya miaka zaidi ya 250 ya kuulizana habari za moyo, hatimaye televisheni yenyewe imekiri kwamba mnyama ana mwenyewe, tena mwenye ofisi na bajeti.

Nilikuta vijana wakiutazama katika kibanda umiza kimoja hapa karibu na stendi, sauti ya mtafsiri ikieleza juu ya sauti za wachezaji.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Huyu anayenguruma ni nani?"

"Ni jamaa anageuka mnyama akipandwa na hasira, mwalimu. Lakini ni mtu mzuri, anampenda huyu dada polisi."

"Nani alimgeuza?"

"Wenye mradi wa jeshi."

"Na hao wanasemaje?"

Kijana mwenye rimoti alitabasamu. "Hao tunawapeleka mbele, mwalimu. Wateja wanataka sehemu za mapenzi."

Sikumlaumu, analipa kodi ya kibanda, na umeme wa kununua kwa namba. Lakini nimekaa nikiwaza kwamba simba wa Singida bado hajapata mtengeneza filamu wake. Kijana atakayejaribu, nina ombi moja kwake. Asianze na kishindo kichakani usiku, wala na kucha. Aanze mchana, katika nyumba yenye heshima, mwenyeji amemkaribisha mgeni mwenye ugomvi wa shamba, wanakunywa pombe ya mtama, wanapatana ni ng'ombe wangapi. Na kule nyuma, katika chumba kisicho na dirisha, mtoto anasikiliza bila kuelewa kwamba wanaozungumzwa ni yeye na ngozi iliyotundikwa juu ya kichwa chake.